Mti wa Kutazama

Silima Hafidh aliendesha greda la serikali mpaka alipostaafu, na upande wa kaskazini wa Pemba hapana barabara ya kifusi ambayo hakuilaza kwa mkono wake. Nyingi katika hizo zimekwisha kuharibika. Yeye mwenyewe alikuwa hajaharibika, na alipenda watu walione hilo. Alitembea wima, kofia imenyooka kichwani, na akiulizwa jambo hakujibu papo hapo. Alikohoa kwanza, kama mtu anayewasha injini.

Mwaka mmoja alikwenda Lushoto kumtazama binti yake Kauthar, aliyeolewa huko. Lushoto iko milimani na baridi yake haina adabu. Silima alivishwa sweta la mkwewe, akatolewa kiti nyuma ya nyumba, mbele ya bwawa dogo, na ukingoni mwa bwawa palikuwa na mti. Haukuwa na matunda. Haukuwa na maua ya kusemwa. Kazi yake ilikuwa kuyainamisha matawi yake, membamba kama nyuzi, hadi yakagusa maji. Upepo ukija, yaliyafagia maji. Upepo ukiondoka, yalitulia. Silima aliutazama asubuhi, na baada ya chakula cha mchana akautazama tena, na kesho yake hakuomba kupelekwa popote.

Kauthar alimpigia simu mama yake, Bi Ummi, aliyebaki Pemba.

"Mama, baba hajambo, ila amekuwa kimya. Anatazama mti."

"Mti gani?"

"Wa bwawani."

"Una nini huo mti?"

"Hauna kitu."

"Mpimeni homa," akasema Bi Ummi.

Homa hakuwa nayo. Siku ya kuondoka, mkwewe alimwambia kwamba mti ule haupandwi kwa mbegu. Hukatwa kijiti kikachomekwa matopeni, basi. Silima alikata kijiti urefu wa mkono, akakizungushia kipande cha gunia bichi, akashuka nacho mlimani na kukipakata ndani ya boti ya Tanga mpaka Pemba. Zawadi nyingine alizopewa alizisahau botini, na Bi Ummi alimkumbusha jambo hilo mara nyingi baadaye.

Kijiji chao kiko upande wa Micheweni, kwenye ardhi ya mawe, ambako jembe likipigwa chini hujibu. Mvua ikinyesha, maji hupotea mara moja. Ni mahali pamoja tu penye bonde la udongo mzito ambapo hukusanyika na kukaa karibu mwaka mzima. Mgeni angesema ni dimbwi. Wenyewe huliita Ziwa, bila ya jina la mtu, kwa sababu si la mtu. Ng'ombe hunywa upande mmoja, kina mama hufua upande mwingine, na tangu enzi za wazee imekubaliwa kwamba hapana anayelima wala kujenga ukingoni mwake.

Silima alikichomeka kijiti chake hapo ukingoni, wakati wa masika, akakizungushia miba ili ng'ombe wasikitie mdomo. Bakar Yussuf alikuwa akimtazama. Bakar alimwoa dada yake Silima, nyumba yake iko ng'ambo ya Ziwa, na katika kijiji kile hapana aliyemzidi kwa ng'ombe.

"Shemegi," Bakar alimwita kwa sauti, "ndio umepanda fimbo?"

"Ni mti."

"Una majani?"

"Utakuwa nayo."

"Basi nami nna bakora nyumbani. Nije niichomeke hapo kando, wapate kuzungumza?"

Silima alikohoa, akaendelea kupanga miba.

Kijiti kilishika. Kilitoa jicho moja, kisha mengine, na masika ya pili mti ulikuwa umempita mtu kimo. Ukapenda matope yale kuliko ilivyotarajiwa na yeyote, Silima akiwamo, ingawa yeye hakulisema hilo. Masika yaliyofuata matawi yakaanza kulegea, yakashuka, na asubuhi moja Silima akakuta tawi limefika majini. Alisimama pale mpaka chai ikapoa nyumbani.

Hapo ndipo angenyamaza. Hakunyamaza.

Kwanza alikwenda kwa Shehe Abrahman, imamu wa msikiti wao, kumuuliza jina la mti ule kwa Kiarabu. Shehe alisema kama si safsafu basi ni nduguye. Silima aliridhika na safsafu, na tangu siku hiyo akauita msafsafu, na aliyesema "kile kijiti chako" alisahihishwa. Kisha akatafuta habari zake kwenye simu, na kila alasiri, watu wakitoka msikitini na kukaa barazani, aliwagawia alichokipata. Gome la msafsafu ni dawa ya homa na kichwa. Mizizi yake hukamata udongo, ukingo usibomoke. Vijiti vyake husukwa vikapu na mitego ya samaki. Majani yake ni chakula cha mifugo. Watu walisikiliza. Wengine walisinzia, lakini hata waliosinzia waliyapata ya kutosha.

Sasa, kwetu Pemba ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu huweza kukuazima uwanja wake ukapanda muhogo au viazi, ukala, mkashukuriana. Muhogo ni mgeni. Ukivunwa umekwenda zake. Lakini ukipanda mnazi, au mkarafuu, au mwembe, hapo umetia neno. Mti wa kudumu una mwenyewe. Mwenyewe atataka kuufikia mti wake, na mahali anapopafikia baba kila siku, watoto huja wakapaita kwetu. Ushahidi haukuwa mbali. Marehemu Hudhaifa alipanda mnazi mmoja kwenye pembe ya kiwanja cha mpira, ili wachezaji, kwa maneno yake, wapate dafu. Leo wajukuu wake wana nyumba pale, kiwanja kimebaki na pembe tatu, na kona ya nne hupigwa kwa makadirio.

Lakini juu ya msafsafu hapana aliyewaza hayo, mpaka lilipokuja suala la jina. Neno msafsafu liliwashinda watu ulimi, wakasema "mti wa Silima". Mwanamke akimwelekeza mgeni njia alimwambia apite kwenye mti wa Silima. Baadaye ikawa "pale ziwani, kwenye mti wa Silima". Na maneno ni kama mbuzi, hupenda njia ya mkato. Siku moja bwana mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe alimpigia simu Bakar.

"Bwana Bakar, nimeshafika hapa Ziwa la Silima. Kwako ni wapi?"

"Ziwa la nani?" akauliza Bakar.

"La Silima. Ndivyo nilivyoelekezwa."

Bakar alimwelekeza, ng'ombe wakachanjwa, naye akavaa kanzu na kwenda moja kwa moja kwa sheha.

Sheha wao, yaani mkono wa serikali pale kijijini, alikuwa Bi Nahla, mwanamke wa makamo aliyewahi kufundisha skuli na asiyependa kikao chochote kivuke Magharibi. Aliamua mambo yasikilizwe kesho yake, baada ya sala ya Alasiri, pale pale ziwani.

Jioni ile Bi Ummi alimwandalia mumewe chakula, akakaa mbele yake asile.

"Kesho," alisema, "useme neno moja tu. Useme mti haufai kitu."

"Mtu hulisema neno hilo juu ya kitu chake?"

"Mbona miye wanisema?"

Silima akamega mkate. "Mti ule una faida, Ummi. Zimeandikwa."

"Wa faida ndio watakaoung'oa. Sheha kashasema: mti wa faida ni mti wa kudumu, na wa kudumu haukai pale. Ukiwa haufai, ni jani tu lililorefuka, utaachwa. Yakhe, umeusifu mti huo barazani kuliko ulivyonisifu miye siku ya harusi. Na angalia ulipotufikisha."

Silima hakulala vizuri. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, nalo ndilo lililomkera. Akiusifu mti wake, utang'olewa. Akiukashifu mbele ya kijiji kizima, utabaki. Kabla ya Alfajiri alikuwa amekwisha kuamua kuukashifu, akajiliwaza kwamba mti hauna masikio.

Alasiri watu walikuja wengi, maana kijijini kesi ya mti haitokei kila mwezi. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wao, Bi Ummi akiwa mbele. Shehe Abrahman alipewa kiti. Bakar alikuja na panga, akaliweka chini ya mguu wake. Alisema alikuwa akitoka kukata majani.

Sheha Nahla hakuzunguka. "Hatuko hapa kugombana. Swali ni moja. Mti huu una faida au hauna? Ukiwa nayo, ni wa kudumu, na ukingo huu haupandwi mti wa kudumu. Ukiwa hauna, haumpi mtu haki yoyote, tutauacha hapo twende zetu. Nani anasema?"

Bakar alisimama kwanza. Watu walitarajia autukane mti. Badala yake aliusifu. Alisema mizizi yake inakamata udongo, na kweli tazameni, ukingo mzima unabomoka isipokuwa pale. Alisema vijiti vyake husukwa vikapu madhubuti. Alisema huko kwenye nchi za baridi watu huupanda kwa makusudi. Alikuwa na sauti nzuri, na alijua mahali pa kutua. Silima alisikiliza mihadhara yake mwenyewe ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, tena imepangwa vizuri zaidi, na ndani ya nafsi yake akaona fahari ambayo haikuwa na faida yoyote kwake wakati ule.

"Tena ni dawa," Bakar aliendelea. "Majani yake, ukiyachemsha, yanaondosha homa na..."

"Gome," alisema Silima.

Watu wakamgeukia. Kule kwa wanawake Bi Ummi alikohoa kwa nguvu.

"Ahsante, shemegi," alisema Bakar. "Gome. Mwenyewe kanisahihisha."

Wakati huo ng'ombe mmoja wa Bakar, aliyekuja kunywa, alinyosha shingo juu ya miba, akalivuta tawi na kuanza kutafuna.

"Mwaona!" Bakar akanyosha kidole. "Na chakula cha mifugo."

"Huyo huyo juzi alikula kanga ya mtu," alisema Silima.

"Yangu," akasema mwanamke mmoja. "Na alikula pale penye maandishi."

Watu walicheka, na Sheha akalitazama jua. "Mzee Silima, zamu yako. Una faida, hauna?"

Silima alisimama wima, akakohoa. "Mti huu," alianza, "hauna matunda."

"Sawa."

"Mbao zake ni laini. Hazifai hata mpini wa kisu."

"Naam."

"Kuni zake... zina moshi."

Kila neno lilimtoka kama jino. Bi Ummi alikuwa akitikisa kichwa polepole, akimtia moyo, kama anavyotiwa moyo mtoto anayekunywa dawa. Sheha alikwisha kuinuka nusu kutoka kwenye kiti.

"Kwa ufupi, Mzee Silima, hauna faida."

"Kwa ufupi," alisema Silima.

"Aape," alisema Bakar. "Aseme wallahi haufai kitu, nami nitanyamaza mpaka kufa kwangu."

Shehe Abrahman aliziangalia kucha zake. Silima alifumbua mdomo. Alikuwa mtu mwenye mengi, lakini jina la Mwenyezi Mungu hakupata kulitumia kwa jambo asiloliamini, na akiwa mdomo wazi upepo ukaingia kutoka baharini, matawi yakanyanyuka kidogo, yakalifagia Ziwa, yakatulia.

"Una faida," alisema.

Bi Ummi alijifunika uso kwa kanga.

"Faida gani?" akauliza Sheha. "Hizo alizotaja shemegi yako?"

"Hizo nimezisoma tu. Sikupata kukoroga gome wala kusuka kikapu. Faida yake ni kuutazama. Mtu akiutazama, anapumzika."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaachwa acheke peke yake. Sheha Nahla alikaa tena. Alimuuliza Shehe Abrahman kama amewahi kusikia mti wa kutazama. Shehe alisema amesikia miti ya kula, ya kujengea, ya dawa na ya kuogopwa. Wa kutazama, hapana.

"Hata hivyo umesema una faida," Sheha alimwambia Silima, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Umesema mwenyewe, mbele ya watu. Nifanyeje?"

Bakar aliinama kuokota panga.

"Ngoja," alisema Silima. "Mnauondosha kwa kuwa una faida, au kwa kuwa una mwenyewe?"

"Vyote viwili," alisema Sheha. "Mti wenye faida hauwezi kukosa mwenyewe."

"Minazi ya msikiti je? Ina faida. Nani mwenyewe?"

Minazi ya msikiti ilikuwa wakfu, na kila mtu alijua kwamba kitu cha wakfu hakina mtoto wala mjukuu wa kukidai.

"Nautoa wakfu," alisema Silima. "Kuanzia sasa si wangu, wala wa Kauthar, wala wa atakayezaliwa na Kauthar."

"Wakfu kwa nani?" akauliza Shehe Abrahman, aliyekwisha kuziacha kucha zake.

"Kwa Ziwa."

"Ziwa halipokei. Taja wenye kunufaika."

"Wanaofua na wanaokunywa."

"Wanaofua, vizuri, watapata kivuli. Wanaokunywa hapa ni ng'ombe, Mzee Silima."

Silima alimtazama yule ng'ombe, aliyekuwa bado anatafuna. "Basi na ng'ombe," akasema.

Shehe alifikiri. Alisema kumnywesha mnyama kuna thawabu, jambo hilo linajulikana, na kumlisha haoni kama kuna ubaya. Kisha wote wakamgeukia Bakar. Bakar alitaka kusema kitu. Lakini ng'ombe waliotajwa walikuwa wake, wote, na mtu hawezi kusimama mbele ya kijiji akapinga ng'ombe wake kupewa wakfu. Aliliweka panga chini.

"Basi imekwisha," alisema Sheha Nahla. "Mti utabaki. Ila lipo moja. Kitu cha wakfu hakizungushiwi uzio dhidi ya wale waliopewa. Miba iondoke."

Miba aliiondoa Silima mwenyewe, kwa mikono yake, mwanga ungalipo. Bi Ummi alimngoja mpaka akamaliza, wakarudi nyumbani pamoja, naye njia nzima hakumsema. Silima aliliona hilo, na lilimtia wasiwasi.

Ng'ombe wa Bakar ndio waliokuwa wa kwanza kuifahamu hukumu. Asubuhi yake walifika mapema, wakanywa kidogo, wakala sana. Siku si nyingi upande wa nchi kavu msafsafu ulikuwa hauna tawi lolote chini ya kimo cha ng'ombe aliyenyosha shingo. Ulikatwa sawasawa, kama nywele za mtoto anayepelekwa chuo cha Kurani siku ya kwanza. Silima alikwenda akasimama mahali pake pa siku zote. Alichokiona ni shina na kofia ya majani juu yake. Hakukuwa na kitu kinachogusa maji. Alirudi nyumbani, siku ya pili hakwenda, na siku ya tatu Bi Ummi akamuuliza kama anaumwa.

Kumbe upande wa majini ulikuwa mzima. Kule ni kina, na ng'ombe hapendi kuzama. Matawi ya upande ule yaliendelea kushuka hadi majini, kama kawaida, tena yalikuwa yamezidi. Lakini hayakuonekana ila kutoka ng'ambo, na ng'ambo ya Ziwa ilikuwa ni uwanja wa Bakar Yussuf.

Silima alikaa na jambo hilo muda. Ijumaa moja, baada ya sala, alilizunguka Ziwa, akatoa salamu, akavuta kiti kilichokuwa barazani kwa shemegi yake, akaketi.

Bakar alitoka ndani akifunga shuka. "Shemegi. Kwema?"

"Kwema. Nimekuja kumwona dada yangu."

"Dada yako kaenda mwani. Atarudi maji yakianza kujaa."

"Nitamngoja."

Bakar alimwangalia. "Kiti umekigeuza. Njia ya pwani iko mgongoni mwako. Utamwonaje akija?"

"Nitamsikia. Tangu mdogo hana hatua nyepesi."

Bakar aliingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka na kiti cha pili. Akakiweka kando ya kile cha kwanza, kimeelekea huko huko. Alilitazama Ziwa, akautazama mti, akamtazama Silima.

"Yakhe, hebu nambie, bila ya kugombana. Watazama nini hasa?"

Silima alikohoa. "Ngoja upepo uje."

Walingoja. Ng'ombe wawili walikuja, wakala walichokifikia, wakaondoka. Mwishowe upepo ukaja. Matawi ya upande wa maji yalinyanyuka, yakalifagia Ziwa kutoka kushoto mpaka kulia, yakarudi, yakatulia.

"Ndio hivyo tu?" akauliza Bakar.

"Ndio hivyo tu."

Bakar alilitafakari jambo hilo. Jua lilikuwa limeanza kumpiga gotini, akakisogeza kiti chake kivulini, akaketi tena.